Swali la Mwanafunzi wa Magamba

Wazazi na walimu wa Bumbuli wanaijua Magamba. Msafiri hupitia Soni, hupanda hadi mjini Lushoto, kisha huendelea kupanda mpaka kwenye baridi ya msitu. Katika shule ya sekondari ya huko, mwaka 1963, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alipatwa na jambo dogo lililoyageuza maisha yake. Tumeona vyema kulikumbusha Ijumaa hii, kwani katika vyuo vyetu na mashuleni mtoto anayeuliza swali gumu bado huhesabiwa kuwa hana adabu.

Wanafunzi wa Magamba walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wayaweke kwenye jokofu. Nafasi zilikuwa chache na zikigombewa. Siku moja Mpemba alipokuwa akichemsha maziwa yake, mwenziwe aliwahi kuweka yake bila kuyachemsha. Mpemba, akichelea kukosa trei ya mwisho, aliyatia ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu walikuta maziwa ya Mpemba yameganda, na ya mwenziwe bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu sababu yake. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, kama wanavyonyamaza watoto wetu wengi. Lakini baadaye alikutana na wauza aiskrimu mjini Tanga, nao wakamwambia kwamba wao huweka mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi. Wale hawakuwa na shahada yoyote. Walikuwa na kazi ya kila siku.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, darasa lilifundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, naye akauliza tena. Safari hii mwalimu alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, mwalimu na wenziwe walimtania kwa jina lake. Hapo ndipo tunapopatazama sisi. Kijana wa namna ile angeweza kuapa asiinue mkono tena darasani. Badala yake, alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi, akatwaa vyombo viwili, kimoja akakitia maji ya bomba na cha pili maji ya moto, akaviweka kwenye friza. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile cha maji ya moto.

Kisha alikuja mgeni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Mpemba alimuuliza mbele ya wote, na wenziwe wakalalamika kwamba amewaaibisha. Dkt. Osborne alitabasamu, akamuuliza kama kweli amelijaribu, akaahidi kwamba naye atajaribu. Ahadi akaitimiza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kuhusu jambo hilo, na jina lililokuwa la kuchekwa likawa jina la kisayansi duniani kote. Mpemba mwenyewe wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka.

Yatupasa kusema ukweli wote. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipinga kwamba ushahidi unatosha. Kwetu sisi hilo halimpunguzii kijana heshima yake. Hata ikithibitika kuwa alikosea, alistahili kupewa chombo na maji apime, kabla ya kupewa jina la kejeli. Na tunawafikiria wale waliouliza mara moja tu, wakachekwa, wala asitokee mgeni wa kuwasikiliza. Majina yao hatuyajui.

Basi tunawaomba walimu wa Bumbuli, wa shule na wa madrasa, na wazazi walio nyumbani: wiki ijayo mtoto akiuliza jambo msilolijua, mwambieni kwamba hamlijui, kisha mkalitafute pamoja naye.