Kamba ya Mita 60

Ndugu zangu wa Kasulu na Kibondo!

Tumezoea kusema Ziwa Tanganyika ni la watu wa Kigoma mjini, sisi ni wa milimani. Lakini fuateni maji ya kijito kilicho nyuma ya nyumba. Yakiingia Mto Malagarasi, walau hupita kwenye mafunjo ya ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, ya kwanza nchini. Mafunjo hupunguza tope. Mto Ruchugi hauna bahati hiyo: hukutana na Malagarasi pale Uvinza, kinamasi kikubwa kimeshapitwa, na kila tulichoutupia unakwenda nacho ziwani. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Kikiingia, kimeingia.

Na kabla ya ziwa kuna jirani wa bondeni, anayechota tulipoosha bomba la dawa ya maharage.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tunaijua, na bado matuta yetu yanagusa maji, tanuru za tofali ziko pale pale, na mikaratusi tumeipanda hadi kwenye chemchemi. Msiseme ni wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta. Kambi zimekuwa na mzigo wake, ila matuta haya ni yetu.

La kuvundika mihogo kijitoni ni gumu zaidi, najua. Ugali wa mihogo michungu hauliki bila kuivundika, na kijito ndicho pipa la bure. Lakini mihogo hiyo huacha sumu yake majini, na samaki hulipa. Tuchimbe mashimo ya kuvundikia mbali na kingo, kaya nne au tano shimo moja. Akina mama ndio wanaobeba mihogo, basi wao waamue mahali.

Mvua za Novemba hazijaanza. Mkutano mkuu wa kijiji ujao, tudai ajenda ya kijito iwe ya kwanza, kabla watu hawajaanza kuondoka. Tutake sheria ndogo, kisha tupange siku ya msaragambo: kupima, kuweka alama, kupanda mabingobingo na mikuyu ukingoni.

Shamba la kwanza kupimwa liwe langu, maana nimevuka mpaka kwa matuta saba. Kamba ninayo.