UKURASA WA AFYA: KIUNGULIA NA SAA YA DAWA



Kila ipitapo Ramadhani hutufikia lalamiko lile lile. Mtu amekula sambusa na bajia za futari, kifua kinamwaka, akameza kapsuli ya omeprazoli. Nusu saa ikapita bila nafuu. Akaongeza ya pili, kisha akaitupa pakiti akisema dawa za hapa Uingereza ni maji matupu. Dawa haikuwa na kosa. Aliitaka kwa dakika kazi ambayo huikamilisha kwa siku.

Dawa za dakika ni zile za kutafuna, au za maji mazito meupe, zenye kalsiamu kaboneti au magnesiamu. Hizi hazilizuii tumbo kutoa tindikali. Huikuta iliyokwisha kutoka zikaivunja ukali. Nafuu huja upesi na huondoka upesi: tumbo likiwa tupu, aghalabu haifiki saa moja. Zikitumiwa baada ya kula hudumu zaidi, kwa kuwa chakula huzichelewesha tumboni.

Famotidini hukaa katikati. Huizuia histamini, ambayo ni kama tarishi anayeziamuru chembe za tumbo zimimine tindikali. Huanza kazi ndani ya saa moja na hudumu saa 10 hadi 12, basi humfaa ajuaye mapema kwamba usiku ana mwaliko wa pilau. Ila ikimezwa kila siku, mwili huizoea na nguvu yake hupungua. Dada yake, ranitidini, mwezi wa Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni, kwa kukutwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Pakiti kuukuu zilizosalia makabatini zirudishwe duka la dawa.

Omeprazoli huzishinda zote hizo kwa nguvu, na ndiyo ikawiayo. Katika ukuta wa tumbo mna pampu ndogo mno zinazosukuma tindikali. Dawa hii huzifunga zile tu zilizo kazini, na chakula ndicho kiziamshacho. Pampu zilizolala husalimika, na mpya huzaliwa kila siku. Kwa hiyo nguvu yake kamili huonekana baada ya siku 1 hadi 4. Ndiyo sababu humezwa nusu saa kabla ya kula, si baada ya moto kuwaka.

Kwa mfungaji, wakati mwepesi ni nusu saa kabla ya daku. Anayeshindwa kuamka mapema hivyo, na afungue kwa maji, ameze, aswali Magharibi, ndipo akae mezani. Katika siku za mwanzo anaweza kutafuna kidonge cha kalsiamu usiku kifua kikiwaka. Wenye shaka na jelatini ya kapsuli wamwulize mfamasia, kwani omeprazoli hupatikana pia kwa vidonge.

Iko sasa vonoprazani, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2014, ambayo huzifunga pampu hizo hizo bila kungoja chakula, na hupunguza tindikali tangu siku ya kwanza.

Lakini maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, pamoja na jasho au pumzi kukatika, yasingojewe dawa yoyote ya tumbo: pigeni 999 saa ile ile. Na mwenye kinyesi cheusi kama lami, au anayetapika damu, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kiungulia kimetulia.