Tulijue kongosho kabla ya kuilaumu insulini



Leo nakuomba tukitazame kiungo ambacho wengi wetu hatukitaji mpaka kiharibike, nacho ni kongosho. Nimelichagua kwa sababu sisi matabibu bado tunaletewa watoto wakiwa hoi, wengine hawajitambui, na sababu ni kwamba nyumbani waliogopa sindano ya insulini kuliko walivyoogopa maradhi yenyewe.

Kiungo kimoja, kazi mbili

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi na uzito wa gramu 80 hadi 100. Ni dogo, lakini Muumba amelipa kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kusaga chakula. Kila siku kongosho hutoa kiasi cha lita moja na nusu ya maji maalumu, ambayo hupita katika mrija na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba, karibu na pale inapoingia nyongo. Maji hayo hupunguza ukali wa tindikali inayotoka katika mfuko wa chakula. Tena yana vimeng'enya: kimoja huvunja wanga wa ugali na wali, kingine mafuta, na vingine protini ya maharage, samaki na nyama. Vikikosekana, mtu hula akashiba lakini akaendelea kukonda, na choo chake huwa na mafuta na harufu kali. Miongoni mwa vinavyoharibu sehemu hii ni mawe ya nyongo na pombe. Mwenye kuuliza hekima ya kuharamishwa ulevi, na aliangalie kongosho la mlevi.

Kazi ya pili ni kupima sukari katika damu. Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli, kama visiwa baharini, vinavyofikia milioni moja hivi. Mjerumani Paul Langerhans ndiye aliyevieleza mwaka 1869, na vinaitwa kwa jina lake. Visiwa hivi havina mrija. Humimina homoni moja kwa moja katika damu. Sukari ikipanda baada ya kula, hutoa insulini, ambayo hufungua mlango ili sukari iingie katika misuli na seli nyingine. Sukari ikishuka, hutoa glukagoni, ambayo huliamuru ini litoe akiba yake. Mizani hii hufanya kazi usiku na mchana bila wewe kujua.

Mizani inapovunjika

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, kongosho bado hutoa insulini, ila mwili hauisikii vizuri na kongosho huchoka kidogo kidogo. Hao wengi wao huweza kuanza na vidonge, mazoezi na kupunguza uzito. Lakini ipo aina ya pili ya msiba, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana. Kinga ya mwili huvishambulia visiwa vile mpaka insulini inakwisha kabisa au inabaki kidogo mno. Mtoto huyu hakuupata ugonjwa kwa kula peremende, wala mama yake hana kosa.

Dalili zake zijue: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda ingawa anakula, na mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kuanza tena. Wakati mwingine sisimizi hukusanyika alipokojoa. Baadaye huja kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, na usingizi mzito. Hapo mwili umekosa insulini, unachoma mafuta, na damu inajaa tindikali. Mtoto huyo anaweza kufa ndani ya saa au siku chache.

Tatizo ni kwamba dalili hizi hudhaniwa malaria, na wengine husema ni majini. Hatupingi kumsomea mgonjwa Qur'ani. Tunachopinga ni kumsomea huku mlango wa hospitali umefungwa. Msomeeni mkiwa njiani, na mkifika ombeni apimwe na sukari pia. Kipimo ni tone moja la damu ya kidole. Na ninyi walimu wa madrasa, mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani kila mara msimchape. Mwiteni mzazi wake.

Hofu ya insulini

Wapo wanaosema insulini imetengenezwa kwa nguruwe. Maneno haya yana asili yake. Insulini ilipogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza kudungwa mwaka 1922, ilikamuliwa katika kongosho za wanyama, na kwa miaka mingi ikatoka kwa ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 ipo insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa vijidudu maalumu maabara, na karibu insulini yote inayotumika leo ni ya namna hiyo. Mwenye shaka amwulize mfamasia asili ya dawa yake. Asiiache kwa tetesi.

Wengine husema ukianza sindano umekwisha, hutoki tena. Ndugu yangu, mtoto yule hakuzoeshwa na sindano. Anairudishia damu yake kile ambacho kongosho limeshindwa kutoa, kama asiyeona vizuri anavyovaa miwani. Kumwachisha sindano kwa ajili ya mizizi au asali ni kumwondolea chakula cha uhai wake.

Asiye na friji asikate tamaa. Chupa inayotumika ifungwe vizuri katika mfuko wa plastiki, iwekwe ndani ya chungu chenye maji ya baridi, kivulini, na kwa kawaida itumike ndani ya wiki nne. Isiwekwe kwenye barafu ikaganda.

Na Ramadhani?

Allah (S.W.) amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona analo fungu lake la fidia. Anayetaka kufunga amwone tabibu wiki kadhaa kabla, ili dozi zipangwe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilieleza kwamba sindano isiyo ya lishe haifunguzi, wala kutoa damu ya kipimo. Basi jipime mchana bila hofu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua. Hiyo ni kuitumia ruhusa ya Mola wako.

Maimamu wetu, khutba moja kwa mwaka juu ya jambo hili ingeokoa watoto. Mwili ni amana, na mzazi ataulizwa juu ya amana ya mtoto wake kama atakavyoulizwa juu ya yake mwenyewe.