Kiingilio Si Ruhusa ya Kuharibu

Wako wanafunzi waaminio kwamba mtu akiisha kulipa kiingilio mlangoni, amelinunua pango. Hushuka katika basi la shule, huingia kwa makelele, na kabla ya kutoka huchora jina na mwaka ukutani, ili wajao nyuma wajue kwamba fulani alifika. Ukimwuliza mmoja wao, atakujibu, "Jiwe ni jiwe, jina langu moja litalidhuru nini?" Nataka, msomaji wangu, tuipime hoja hiyo, kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu huenda ni yako.

Chukua mfano wa Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita nane hivi kutoka mji wa Tanga, upande wa barabara iendayo Mombasa. Mahali hapo huhifadhiwa kwa sheria, na mwaka 1963 palikabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Nani aliyeyachimba mapango hayo? Hakuna ila maji. Mvua inyeshapo huchukua hewa ya kaboni angani na udongoni, ikapata ukali kidogo, na ukali huo huyayeyusha mawe ya chokaa polepole kupitia nyufa zake. Kisha tone lining'iniapo darini huacha chembe ya chokaa. Chembe juu ya chembe, hata ukatokea mwiba wa jiwe. Kwa kawaida mwiba huo hauongezeki kwa mwaka hata kadiri ya unene wa ukucha. Ulio mrefu kama mkono wako umekula maelfu ya miaka, nawe waweza kuuvunja kabla hujapepesa jicho. Hata ukiugusa tu, mafuta ya kiganja chako huweza kuizuia chokaa mpya isishike. Je, bado utasema kwamba jiwe ni jiwe?

"Lakini mimi ni mmoja tu," wasema. Hivyo ndivyo kila mmoja alivyoweza kusema kule Lascaux, nchi ya Ufaransa, katika pango lenye picha za wanyama zilizochorwa na watu wa kale maelfu ya miaka iliyopita. Pango hilo liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa wageni mwaka 1948, na mwaka 1963 likafungwa. Wageni hao hawakuingia na nyundo. Waliingia na pumzi zao, na joto la miili yao. Na pumzi hizo, pamoja na mwanga wa taa, zikaotesha uchafu wa kijani juu ya kuta. Ikiwa pumzi imeweza kuharibu, kisu kitafanya nini?

Mwingine atauliza, "Pangoni mna nini ila giza na popo?" Popo peke yao wangetosha kuwa jibu, kwa maana wako walao wadudu, na wako wachukuao chavua ya maua ya mibuyu. Lakini twende Panga ya Saidi, katika Kilifi yetu wenyewe. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba humo mlizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Katika makaburi yajulikanayo hadi sasa barani Afrika, hilo ndilo la kale kuliko yote. Mifupa ilikuwa imeoza mno hata ikabidi kulitoa bonge zima la udongo likiwa limefungwa kwa plasta. Laiti wageni wa mchezo wangalichimba shimo moja tu mahali pale, habari ya mtoto yule isingalisomwa kamwe.

Wala usidhani kwamba akaaye nje, akifuata njia za msituni, hana wajibu. Katika nchi ya mawe ya chokaa maji hupita nyufani moja kwa moja, bila kuchujwa kama yachujwavyo na mchanga. Uchafu utupwao katika shimo la kando ya njia huweza kurudi katika chemchemi wanywamo watu.

Wako waliokasirika wasemao, "Basi mapango yote yafungwe." Nao siwaungi mkono. Watu hawalindi wasichokijua. Kwa muda mrefu ilivumishwa kwamba pango la Amboni lafika Mombasa, wengine wakasema hata Kilimanjaro. Mwaka 1994 wachunguzi waliingia, wakapima, wakakuta kwamba pango refu kuliko yote halipiti mita 900 hivi. Uvumi hupimwa na waingiao, si na waliofungiwa nje. Lakini kufuli ikitiwa kwa sababu ya waharibifu, atakayefungiwa ni mdogo wako ambaye hajaingia bado, wala hana kosa.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni amwachaye mwenyeji na jeraha si mgeni, hata akiwa na tikiti mkononi. Basi uendapo, mfuate mwongozaji, ushike njia, uizuie mikono yako, urudi na kila ulichokuja nacho. Na ukitaka jina lako likumbukwe, liandike katika daftari la wageni. Ndilo lililowekwa kwa kazi hiyo.