Baraza la Maandishi: Kuingia IRC kwa Mara ya Kwanza

Mzazi anayemkuta mwanawe saa nne za usiku mbele ya kompyuta, akiandika maneno mafupi mafupi na kujibiwa na watu wasioonekana sura wala kusikika sauti, hana budi kuingiwa na shaka. Humwuliza, "Unaongea na nani?" Naye mtoto hujibu kwa ukweli mtupu, "Na watu, baba, lakini siwajui." Jibu hilo halimtulizi mzazi yeyote. Walakini si la kumfanya achomoe waya ukutani. Heri avute kiti, aketi kando ya mwanawe, na waingie pamoja.

Baraza hilo huitwa IRC, nalo si jipya. Lilianzishwa mwezi Agosti, 1988 na Jarkko Oikarinen, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Ufini. Mwaka 1991, lilipotokea jaribio la kumpindua Mikhail Gorbachev, na vyombo vya habari vya Urusi ya Kisovieti vikazibwa midomo, habari ziliendelea kupita kwa njia hii. Wenye kompyuta za Windows walirahisishiwa kazi mwaka 1995, Khaled Mardam-Bey alipotoa programu yake iitwayo mIRC. Programu hiyo ingali inatumika hadi leo.

IRC haina mwenyewe mmoja. Ipo mitandao mingi, kila mmoja na seva zake, na ndani ya kila mtandao mna vyumba vya maongezi viitwavyo chaneli. Jina la chaneli huanza na alama ya reli, ile ile tunayomalizia tunapotazama salio la simu. Hakuna picha wala video. Ni maandishi matupu, na ujumbe mmoja hauwezi kuzidi herufi 512 pamoja na anwani yake. Kwa familia inayonunua kifurushi cha intaneti kwa kubana matumizi, hiyo si sifa ndogo.

Sasa tuingie. Pakua mIRC kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, wala si kwingineko. Utaijaribu bure kwa siku 30, kisha mwenyewe huomba ada ya usajili. Ukiifungua utatakiwa kuchagua jina la kujulikana nalo. Lisiwe jina lako kamili, wala lisibebe mwaka wa kuzaliwa au jina la shule ya mtoto. Katika mstari wa chini wa dirisha la kwanza andika "/server irc.libera.chat +6697", ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ile alama ya kujumlisha si pambo: huamuru mawasiliano yako yafungwe kwa msimbo yasisomwe njiani. Maneno mengi yatashuka kwa kasi, yaache yapite. Yakitulia, andika "/join #libera", na umekwisha fika. Hiyo ni chaneli ya msaada ya mtandao wa Libera Chat.

Mtandao huo una historia yake. Mwezi Mei, 1991 ulikuwa mbali bado. Ulizaliwa mwezi Mei, 2021, pale watu waliokuwa wakiuendesha mtandao wa Freenode kwa kujitolea walipogombana na aliyedai kuumiliki. Walijiuzulu, wakaanzisha wao, na chaneli nyingi zikahama nao. Wenye baraza walibeba mikeka yao, ukumbi wakamwachia mwenye kuutaka.

Kila amri huanza na mkwaju, na hapa ndipo wageni wengi huumia. Neno lisilotanguliwa na mkwaju huhesabiwa kuwa ni maongezi, nalo huonwa na wote waliomo chumbani. Jina husajiliwa kwa kumwandikia mtumishi wa mtandao aitwaye NickServ, ambaye ni programu wala si mtu: "/msg NickServ REGISTER", ikifuatwa na neno la siri na anwani ya barua pepe. Sahau ule mkwaju ukiwa ndani ya chaneli, na neno lako la siri litasomwa na watu mia tano. Kwa hiyo mambo ya siri yaandikwe katika dirisha la kwanza tu, ambako hakuna msikilizaji. Na neno hilo lisiwe lile la barua pepe, sembuse la benki.

Adabu ya humo yafanana na ya barazani kwetu, ila wenyeji hukuchukia ukibisha hodi mara tano. Usiandike, "Je, naweza kuuliza swali?" Uliza. Kisha ngoja. Utaona majina mia kadhaa yameorodheshwa kando, lakini aghalabu wenyewe wamelala au wako kazini, kompyuta zao zimeachwa wazi. Saa sita za mchana za New York, majira ya kiangazi, kwetu ni saa moja ya usiku. Kijana anayejifunza kuandika programu, akiuliza vizuri na kuvumilia nusu saa, huenda akajibiwa bila malipo na mtu aliyeshiriki kuitengeneza programu yenyewe. Nimeona wengi wakiondoka baada ya dakika mbili, na jibu likaja kwenye kiti kitupu.

Hatari zipo, na mzazi azijue. Katika mitandao mingi, mtu yeyote akiandika "/whois" na jina lako huweza kuiona anwani ya intaneti ya kompyuta yako. Seva kwa kawaida haitunzi maongezi, lakini yeyote aliyemo anaweza kuyahifadhi kwake. Mgeni akikuhimiza uandike amri usiyoielewa, hasa yenye mikwaju miwili, usiiandike. Hila hiyo ya kuwateka watumiaji wa mIRC ni ya miaka mingi. Vivyo hivyo asiyejulikana anayemvuta mtoto waende kuongea faragha, anyimwe nafasi: "/ignore" pamoja na jina lake, na hutamsikia tena chini ya jina hilo. Akija kwa jina jingine, waiteni wasimamizi wa chaneli, ambao majina yao hutanguliwa na alama ya @.

Muda wa kulala ukifika, mtoto na aandike "/quit" mbele yako.