Mgonjwa wa mfupa anangoja nini? Njia ya Toyota na hospitali za kanisa

Yeyote anayetembelea wagonjwa katika hospitali zetu za Mashariki anajua ni nani wanaojaza vyumba vya mifupa. Ni wamotari na abiria wao, ni watoto walioanguka toka juu ya miti, ni raia na wapiganaji waliopigwa risasi au vipande vya bomu. Mwisho wa Januari 2025, wakati wa vita ya Goma, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako CICR inasaidia upasuaji wa majeruhi, ilipokea mamia ya watu kwa siku chache. Wagonjwa walilazwa hata nje ya vyumba. Hospitali nyingine za mji, pamoja na HEAL Africa iliyoanzishwa na Dr Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mke wake Lyn, zilibeba mzigo huohuo.

Hali hiyo inatuletea swali ambalo halitaisha vita ikiisha. Waganga wa mifupa ni wachache, pesa ni kidogo, wagonjwa ni wengi. Je, kwa mikono hiyohiyo tuliyo nayo, tunaweza kutibu watu zaidi na vizuri zaidi? Kuna njia ya usimamizi inayosema ndiyo. Ilizaliwa katika kiwanda cha magari ya Toyota, na leo inafundishwa kwa wakubwa wa hospitali duniani kote. Inafaa makanisa yenye hospitali yaielewe, yajue cha kupokea na cha kukataa.

Baada ya vita ya pili ya dunia, Toyota ilikuwa kampuni maskini ikilinganishwa na viwanda vya Marekani. Injinia wake Taiichi Ohno hakuwa na mali ya kununua mashine nyingi. Akachagua kuondoa upotevu. Alihesabu aina 7: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha vitu bila sababu, kufanya kazi isiyo ya lazima, kurundika akiba, kutembeatembea ovyo, na kuharibu kazi mpaka irudiwe. Kwa Kijapani upotevu unaitwa muda. Ni bahati tu ya lugha, lakini kwetu sisi tunaosema Kiswahili neno hilo linatosha kuwa mahubiri: katika hospitali, kitu cha kwanza kinachopotea ni muda wa mgonjwa.

Mwaka 2002 viongozi wa hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, walisafiri mpaka Japani kutazama viwanda. Waliporudi waliweka sheria moja iliyotoka huko: mfanyakazi yeyote, hata wa cheo cha chini, akiona hatari kwa mgonjwa, ana haki ya kusimamisha kazi mpaka jambo lichunguzwe. Mwaka 2004, katika hospitali hiyohiyo, mgonjwa mmoja alidungwa kwa makosa dawa ya kusafishia ngozi badala ya dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, akafa. Viongozi hawakuficha. Waliungama mbele ya watu wote na wakabadili namna ya kutayarisha dawa hizo. Tunaona hapo kwamba njia hii haianzi na mashine. Inaanza na ukweli, na ukubali wa mkubwa kusahihishwa na mdogo.

Njia hii imefika pia karibu nasi. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani JICA, hospitali ya rufaa ya Mbeya, Tanzania, ilianza kazi ya hatua 5: kuchambua vitu, kuvipanga, kusafisha, kuweka utaratibu mmoja, na kudumu ndani yake. Mfano wao ulitoka kwa hospitali ya akina mama ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka. Hatua hizo hazidai pesa nyingi. Kabati la dawa likipangwa vizuri, muuguzi hapotezi dakika akitafuta sindano huku mgonjwa anatoka damu.

Sasa tufuate mgonjwa wa mfupa. Motari amevunjika mguu, na mfupa umetoboa ngozi. Anafika saa nne asubuhi. Anangoja fishi. Anangoja jamaa walete pesa ya kwanza. Anangoja radio, kwa sababu umeme umekatika. Jamaa wanatumwa mjini kununua glavu, plasta na dawa. Jioni chumba cha upasuaji ni tayari, lakini vyombo havijatoka kuchemshwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa mvivu siku hiyo. Kila mmoja alifanya kazi yake, lakini mgonjwa alipita katikati yao bila mtu wa kuhesabu saa zake.

Na saa hizo zina bei. Kidonda cha mfupa uliotoka nje kinahitaji antibiotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, kisha kusafishwa vizuri. Kikichelewa, mfupa unaweza kuoza, na kijana akakaa hospitalini miezi au akakatwa mguu. Kanuni ya kwanza ambayo hospitali ya kanisa inaweza kuweka kesho, bila kungoja mfadhili, ni hii: dawa kwanza, karatasi na pesa baadaye.

Mfano wa pili ni mfupa wa paja. Njia ya zamani ni kuvuta mguu kwa uzito, mgonjwa akilala kitandani wiki nyingi. Shamba halilimwi, mke yuko kando ya kitanda, watoto wanaacha masomo. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN, lililoanzishwa na mpasuaji Mmarekani Lewis Zirkle, linatengeneza chuma kinachoingizwa ndani ya mfupa hata pasipo mashine ya picha katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa anaweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Kitanda kinachofunguka mapema kinapokea mgonjwa mwingine, ni kama kuongeza kitanda bila kujenga nyumba.

Mfano wa tatu ni karatasi moja tu. Mwaka 2008 OMS ilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji: jina la mgonjwa, upande wa kupasuliwa, antibiotiki, hesabu ya vyombo. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1,5 mpaka 0,8.

Lakini tusipokee kila kitu. Toyota inahesabu akiba kubwa kuwa upotevu, kwa sababu barabara zake ni nzuri na vipuri vinafika kwa saa. Kwetu barabara inaweza kufungwa usiku mmoja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, siku zilezile ambazo majeruhi walikuwa wengi kuliko wakati wote. Hospitali isiyo na akiba ya plasta, damu na dawa ya usingizi siku kama hiyo haina hekima, hata vitabu vyake vya hesabu vikiwa vizuri. Mwaka 2020 hata nchi tajiri zilikosa barakoa kwa kutegemea mali ifike siku ya kuihitaji. Yusufu alijaza ghala za Misri kabla ya njaa, wala hakuna aliyemwita mpotevu.

Tukatae pia wanaochukua njia hii kama kisu cha kukata wafanyakazi. Ndani ya Toyota yenyewe, nguzo ya pili ni heshima kwa mtu. Muuguzi asiyelipwa miezi kadhaa, akiambiwa akimbie zaidi, hajaondolewa upotevu wowote. Ameibiwa.

Musa alikuwa akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, na watu wakisimama kumngoja. Yethro, mkwe wake, hakumlaumu kwa uvivu. Alimwonyesha kwamba mpango wenyewe ulikuwa unamchosha yeye na watu pia, akamshauri agawanye kazi kwa wengine. Kumpunguzia mtu maskini saa za kungoja ni sehemu ya diakonia.

Kuna upotevu mmoja ambao Ohno hakuuandika katika hesabu yake: mgonjwa aliyepona lakini anazuiliwa kwa sababu ya deni. Kitanda kimeshikwa, chakula kinaliwa, deni linapanda kila siku, na anayeweza kufanya kazi ailipe amefungiwa. Kwa hesabu ni hasara, na mbele za Mungu ni dhuluma. Hata hivyo hospitali peke yake haiwezi kuliondoa, maana nayo ina mishahara na dawa za kulipa. Hapo ndipo kazi ya washirika inaanza: mutuweli ya afya katika kila parokia, franga kidogo kila mwezi kabla ya ajali, na vijana wanaotoa damu kwa mpango kabla ya siku ya kilio.

Tunawapa pendekezo moja, ndugu na dada mnaokaa katika kamati za usimamizi wa hospitali zetu. Kabla ya mkutano ujao, tumeni mmoja wenu asimame mlangoni na saa mkononi. Amfuate mgonjwa mmoja wa mfupa toka anapofika mpaka anapolazwa kitandani baada ya kutibiwa, na kwa ruhusa yake aandike kila mahali alipongoja, alingoja muda gani, na kwa sababu gani. Asitafute wa kulaumu. Kisha karatasi hiyo isomwe kwanza katika mkutano, kabla ya ripoti ya pesa.