Maji Yenye Wenyewe

Anayesafiri kutoka Mikumi kwenda Ifakara, akishaipita Kidatu, husindikizwa na ukuta wa kijani mkono wa kulia. Hiyo ndiyo milima ya Udzungwa. Mkono wa kushoto miwa imetanda mpaka macho yachoke. Akikaribia kijiji cha Sanje huona uzi mweupe ukining'inia kwenye ukuta ule, na kwa mbali mtu angedhani ni kitambaa kilichoanikwa kikasahauliwa. Ni maji. Yanaporomoka mita 170 kwa ngazi tatu, lakini ndani ya basi hayasikiki. Abiria humwonyesha jirani yake kwa kidole, jirani huitikia, na safari inaendelea.

Toleo hili ni la wanaoshuka kwenye basi.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Haikupasuliwa barabara za watalii kama Mikumi au Serengeti. Huku ni kutembea kwa miguu, tena pamoja na mwongozaji. Njia ya Sanje huchukua kama saa nne kwenda na kurudi. Mwanzoni joto la bonde huja nyuma ya mtu, shati likamganda mgongoni. Kisha miti hufunga juu, mbega hupita kwenye matawi, na mngurumo husikika kabla ya chochote kuonekana. Huko juu, mto unapopumzika kidogo kabla ya kujitupa tena, maji yamechimba vidimbwi kwenye mwamba. Anayejitosa humo na jasho lake hupiga ukelele, maana baridi yake haina utani.

Raha hiyo haina haja ya kuombewa radhi. Wapo watu wengi wa mijini ambao tangu wazaliwe maji kwao ni bomba, tanki na ndoo, nao wana haki ya kuyajua yakiwa bado hayajafungiwa popote. Jarida hili linawataka waende, wavue viatu, waoge. Lina hoja moja tu: maji ya mlimani yana wenyewe, walio juu na walio chini, na anayeyaendea ayaendee kama mgeni anayebisha hodi.

Wa kwanza kati ya wenyewe hao ni msitu. Udzungwa ni ncha ya kusini ya Tao la Mashariki, mnyororo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara na Uluguru. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hugonga milima hii, hupanda na kupoa, ukageuka ukungu na mvua. Majani, ndevu za miti na udongo mweusi uliojaa mizizi huyapokea maji hayo na kuyaachilia polepole. Ndiyo sababu Sanje huendelea kutiririka hata miezi ya kiangazi, wakati vijito vya mahali palipokatwa miti vimebaki mchanga. Mtu aliyekaa kidimbwini mwezi wa kumi anaogea mvua iliyonyesha miezi mingi kabla, ikatunzwa na mizizi ambayo ameipita njiani bila kuitazama.

Kuna maporomoko mengine kwenye milima hiyo hiyo yanayoeleza jambo hili kwa uchungu zaidi. Ni ya mto Kihansi, upande wa kusini. Huko maji yaliporomoka kwa nguvu kiasi kwamba mabonde madogo kando ya korongo yalikuwa hayakauki, yakinyeshewa manyunyu usiku na mchana. Ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la takriban hekta mbili, aliishi chura wa manjano ambaye hafikii hata sentimita tatu. Hatagi mayai kama vyura wengi. Huzaa watoto waliokamilika. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Wataalamu walimkuta mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari unajengwa juu yake.

Umeme ulihitajika, na mitambo ya Kihansi yenye uwezo wa megawati 180 imeifaa nchi. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye mtaro wa chini ya ardhi, korongo lilibaki na sehemu ndogo tu ya mto wake. Manyunyu yakakoma. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda kulelewa Marekani, na mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa korongoni ili kuiga kazi ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bure. Haikutosha. Idadi yao iliporomoka mwaka 2003, ugonjwa wa kuvu nao ukiwemo, na mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi cha wale waliopelekwa ughaibuni kilianza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Watanzania wengi walilisikia jina la chura huyu kwa habari ya fedha zilizotumika kumwokoa, wakauliza kulikoni taifa lihangaike na kiumbe asiyejaa kiganjani. Swali lile lingejibiwa vizuri zaidi pale pale penye manyunyu. Mtu aliyewahi kusimama chini ya Sanje, uso ukilowa kwa vumbi la maji, miamba ikiwa na zulia la kuvumwani na maua madogo yasiyoota hatua ishirini kando, huelewa bila kufundishwa kwamba lile rasharasha ni nyumba ya mtu.

Wenyewe wa pili wako chini. Mto Sanje ukitoka mlimani huingia bonde la Kilombero, kwenye miwa, mpunga, migomba na majumba ya watu. Mto Kilombero nao ndio mlishaji mkubwa wa Rufiji, na Rufiji huyarudisha maji baharini yalikotoka yakiwa unyevu wa upepo. Kwa hiyo sabuni haina nafasi kidimbwini, wala shampuu, wala mwili uliopakwa dawa ya mbu muda huo huo. Haja zifanyiwe mbali na mto, na chupa za plastiki zirudi na aliyekuja nazo.

Lipo pia suala la uhai wa mwogaji mwenyewe, na hili lisemwe bila kuzungushwa. Mvua inaweza kupiga kileleni huku kidimbwini kukiwa na jua kali. Maji yakianza kubadilika rangi, majani na vijiti vikaelea, mngurumo ukaongezeka, mtu atoke hapo hapo na kupanda juu ya kingo, nguo na simu zifuate baadaye kama zitafuata. Chini kabisa ya maporomoko maji yamejaa mapovu, na maji ya mapovu hayambebi mwogeleaji hata awe hodari. Kuruka kutoka kwenye mwamba ni hatari zaidi, kwa kuwa mafuriko huleta mawe na magogo: mahali palipokuwa na kina mwaka jana huenda pana gogo mwaka huu. Huko chini bondeni, kwenye maji yaliyotulia yenye majani, wapo konokono wa kichocho. Mwongozaji anaposema hapa hapaogeleki, hamnyimi mtu raha yake.

Na huyo mwongozaji anajua mengi kuliko anavyoulizwa. Mwaka 1979 wanasayansi walimtambua kwa mara ya kwanza kima wa msitu huu, ambaye sasa anajulikana duniani kwa jina la kijiji cha Sanje. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, n'golaga, na walizijua sauti zake.

Majirani hawa wameulipia msitu kwa njia ambayo mgeni haioni. Kwa miaka kadhaa waliruhusiwa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikaisha, na kina mama wakalazimika kutafuta namna nyingine ya kuinjika chungu. Sababu za kuulinda msitu zilikuwa za kweli. Mzigo nao ulikuwa wa kweli. Ndipo jarida hili linaposisitiza kwamba anayekuja kuogelea alale kwenye nyumba ya wageni ya hapo, ale kwa mama ntilie wa Sanje au Mang'ula, na amlipe mwongozaji bila kumpunja. Huko Materuni, juu ya Moshi, jambo hili liko wazi zaidi kwa sababu njia ya maporomoko inakatiza kwenye vihamba vya watu, kati ya migomba na kahawa. Ni kwenye mteremko huo huo wa Kilimanjaro ambako Wachagga tangu zamani wamechota vijito kwa mifereji ya mfongo na kugawana maji kwa zamu. Mgeni anayepita hapo anapita uani kwa watu.

Jioni, anayeshuka kutoka Sanje huukuta tena mto ule ule. Huko juu aliuacha ukinguruma. Huku chini umetulia, unapita kando ya mashamba. Nguo zinafuliwa, ndoo zinajazwa, watoto wanarushiana maji. Anayepita hapo na nywele bado mbichi, asalimie.